Mzio wa Msimu: Chakula Kisaidie, Dawa Isiachwe

Masika yanapokatika na nyasi zikaanza kuchanua, kliniki za masikio, pua na koo hupokea wagonjwa wake wa kila mwaka. Huja na chafya za mfululizo alfajiri, macho mekundu yanayowasha, na pua inayochuruzika maji mchana kisha ikaziba usiku. Wengine hufika Agosti na Septemba, upepo wa kiangazi unapoinua vumbi katika mikoa ya kati, nao husema wana "mafua ya vumbi" au "aleji". Wengi wao, kabla ya kufika kwetu, wamekwisha kupita kwa muuza asali, katika duka la habatusoda, na kwa mtu mwenye mikebe ya virutubisho aliyewaahidi kuwa tatizo litaisha ndani ya siku 30.

Mara nyingi hawatuambii. Tukiwauliza wametumia dawa gani, hutaja piritoni na kunyamaza. Baadhi hawaihesabu habatusoda kuwa dawa. Wengine wanachelea kukemewa, maana wapo wahudumu wanaokunja uso mara wasikiapo neno "tiba asili". Hivyo mazungumzo muhimu hayafanyiki, na mgonjwa hurudi nyumbani akiwa na cheti cha dawa mkono mmoja na mkebe mkono wa pili, bila kujua kipi kifuate kipi.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba chakula bora na baadhi ya vitu vya asili vina nafasi ya kweli katika kupunguza adha ya mzio, na nafasi hiyo ni ya kusaidia tiba, si ya kuirithi. Mhudumu wa afya ana wajibu wa kulizungumza jambo hili na mgonjwa waziwazi, kwa heshima na kwa ushahidi. Asipolizungumza yeye, litazungumzwa na muuzaji.

Msimu wetu ni upi?

Mzio ni kosa la utambuzi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vimelea, hukosea ikakiona kitu kisicho na madhara kama adui. Mwili hutengeneza kingamwili za aina ya imunoglobulini E dhidi ya kitu hicho, nazo hujishika juu ya seli za masti zilizo katika ngozi laini ya pua na macho. Kitu kile kikirudi, seli hizo humwaga histamini pamoja na kemikali nyingine. Histamini ndiyo iletayo muwasho, chafya na maji. Kemikali nyingine huendeleza uvimbe unaoziba pua kwa saa nyingi baadaye.

Kujua chanzo ni nusu ya tiba, na chanzo hukosewa kirahisi. Mwaka 1819 daktari John Bostock wa London alieleza mateso yake mwenyewe ya kila kiangazi, akaulaumu ukali wa jua. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya Charles Blackley wa Manchester kuonyesha, mwaka 1873, kwamba kisababishi kilikuwa chavua ya nyasi. Makosa ya namna hiyo tunayo hata leo. Mijakaranda ikichanua kwa zambarau yake, watu huinyooshea kidole kwa sababu inaonekana. Lakini mti wenye maua ya kupendeza hutegemea nyuki na wadudu wengine kubeba chavua yake, nayo ni nzito na yenye kunata. Haisafiri mbali hewani. Chavua inayotusumbua hutoka katika mimea inayotegemea upepo: nyasi za kando ya barabara, mahindi yanapotoa mbelewele, na kwa watu wa pwani, mivinje.

Zaidi ya hayo, mzio wetu mwingi hauna msimu wa kweli. Katika miji yenye joto na unyevunyevu kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, utitiri wa vumbi la nyumbani hustawi mwaka mzima ndani ya magodoro, mito na mazulia. Mende nao huacha chembechembe zao jikoni na kabatini. Kuvu hushamiri kutani wakati wa mvua. Mgonjwa anayedhani ana mzio wa "baridi ya asubuhi" huenda ana mzio wa godoro alilolalia usiku kucha. Hakuna chakula wala kirutubisho kitakachomsaidia mtu huyo ipasavyo ikiwa foronya haifuliwi kwa maji ya moto na godoro halianikwi juani.

Chakula cha kila siku kinaweza nini?

Tuanze na yanayotia moyo. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 690 katika kisiwa cha Krete, Ugiriki. Watoto waliokula matunda na mboga kwa wingi, yakiwamo machungwa, zabibu na nyanya mbichi, walikuwa na dalili chache zaidi za pumu na za mafua ya mzio. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba chungwa ndilo lililozuia chafya, kwa kuwa mtoto alaye vizuri huenda pia anaishi mahali penye hewa safi na anacheza zaidi nje. Hata hivyo unaelekea upande mmoja na mambo tunayoyajua kuhusu mwili: mboga na matunda yana viungo vinavyopunguza uvimbe, na uvimbe ndio moyo wa ugonjwa huu.

Vitamini C hushiriki katika kuvunjwavunjwa kwa histamini mwilini. Kwesitini, iliyomo katika vitunguu maji na matofaa, huzuia seli za masti kumwaga histamini zinapochunguzwa maabarani. Mafuta ya omega 3 yaliyomo katika dagaa na samaki wengine wenye mafuta huingia katika njia za kikemia zinazotuliza uvimbe. Haya yote ni kweli. Linalokosekana ni daraja kati ya chupa ya maabara na pua ya mgonjwa. Kwesitini, kwa mfano, hunyonywa kidogo sana na utumbo, na kiasi kinachofika damuni ni kidogo kuliko kile kilichotumika maabarani. Vidonge vya vitamini C vilipopimwa kwa wagonjwa havikuleta nafuu ya kutegemewa.

Kwa hiyo ninapomshauri mgonjwa wangu kuhusu chakula, simwandikii mkebe. Namwelekeza sokoni. Pera lina vitamini C takribani mara nne ya chungwa kwa uzito uleule. Ubuyu, mapapai na machungwa ya msimu yapo. Mchicha, matembele na kisamvu vipo kwa bei ambayo wengi wetu tunaimudu. Dagaa wa Ziwa Victoria na wa pwani ni chakula cha thamani ambacho tumezoea kukiita cha maskini. Mtindi wa nyumbani ni mzuri kwa afya ya utumbo; ingawa tafiti za bakteria rafiki kwa wenye mzio wa pua zimeonyesha nafuu kwa baadhi yao, zilitumia aina maalumu za bakteria, na haziturusiwi kuzihamishia sifa zake mtindi wowote. Mlo huu ukishindwa kuipunguza chafya hata moja, bado utakuwa umeusaidia moyo, shinikizo la damu na uzito. Na kwa mwenye pumu aliye na unene uliopita kiasi, kupunguza uzito kwa mlo na mazoezi humrahisishia kupumua. Hiyo ni faida ambayo mkebe hauwezi kuiahidi kwa uaminifu.

Lipo jambo moja katika mlo ambalo nalipinga kwa nguvu: kumnyima mtoto vyakula bila uchunguzi. Wapo wazazi wanaoondoa maziwa, mayai, samaki na karanga kwa pamoja kwa sababu mtoto anapiga chafya. Mzio wa pua huletwa, karibu siku zote, na vitu vinavyovutwa kwa hewa. Kumwondolea yai mtoto mwenye mzio wa utitiri hakumpunguzii mafua, kunampunguzia protini. Imani kwamba maziwa huongeza makamasi nayo haikuthibitika ilipopimwa. Chakula kiondolewe pale tu kinapoleta dalili zinazojirudia kila kinapoliwa, kama vipele vya ghafla, uvimbe wa midomo au kutapika, na uamuzi huo ufanywe pamoja na daktari.

Wahudumu wenzangu wanaovaa glovu za mpira kila siku wakumbuke pia kwamba mwenye mzio wa mpira anaweza kuwashwa kinywani akila ndizi, parachichi au papai, kwa kuwa protini zake zinafanana. Huo ni mzio wa chakula wa kweli, nao hauna budi kuandikwa kwenye jalada.

Asali, habatusoda na wenzake

Asali ndiyo dawa ninayoulizwa zaidi. Nadharia yake inavutia: asali ya mtaani ina chavua ya mtaani, basi kuila kidogokidogo kutauzoesha mwili. Mwaka 2002 watafiti wa Connecticut, Marekani, waliijaribu kwa watu 36. Kundi moja lilikula asali ghafi ya eneo lao, jingine asali iliyosafishwa ya kutoka kwingine, na la tatu sharubati iliyotiwa ladha ya asali. Hakuna kundi la asali lililopata nafuu kuliko la sharubati. Sababu tumeiona tayari: nyuki hukusanya chavua ya maua, ilhali chavua inayotuumiza ni ya nyasi zinazopeperushiwa na upepo. Baadaye uchunguzi mdogo wa Malaysia ulionyesha nafuu kwa wagonjwa waliokula asali pamoja na dawa ya loratadini, lakini kiasi kilikuwa gramu moja kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 atakula gramu 60 kila siku. Kwa mwenye kisukari hilo si jambo la kuchezea.

Asali hutuliza koo na kikohozi, na kijiko kimoja ndani ya chai ya tangawizi ni burudani isiyo na ubaya kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja ni marufuku, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria waletao sumu ya botulizimu.

Habatusoda inastahili kusemwa kwa uadilifu. Tafiti chache, za wagonjwa wasiofika mia kwa kila moja, zimeonyesha kwamba mafuta yake yanaweza kupunguza kuziba kwa pua na chafya. Ni dalili njema, na ningependa kuona vyuo vyetu vikiifanyia uchunguzi mkubwa, kwa sababu watu wetu wanaitumia tangu kale na wataendelea kuitumia. Lakini kwa sasa ushahidi wake ni mdogo kuliko ule wa dawa za kawaida, na mafuta yanayouzwa madukani hayalingani kwa nguvu wala kwa usafi. Mgonjwa mtu mzima anayeitumia kwa kiasi, huku akiendelea na dawa zake, simkatazi. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu namwonya, kwa sababu habatusoda inaweza kuteremsha vyote viwili na kumwangusha.

Kuhusu unga wa mlonge, manjano na kitunguu saumu, naweza kusema kwa ufupi kwamba ni vyakula vizuri jikoni. Kama tiba ya mzio wa pua, ushahidi wake bado haujajitosheleza.

"Asili" si jina jingine la "salama"

Upo mmea wa Ulaya uitwao *Petasites hybridus*. Mwaka 2002 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 125 ulioonyesha kwamba vidonge vya mmea huo vilikaribia kulingana na setirizini katika kutuliza mzio wa msimu. Wapenzi wa tiba asili walishangilia, na walikuwa na haki. Miaka 10 baadaye, mwaka 2012, mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitaka bidhaa zake ziondolewe madukani kwa sababu ya hatari kwa ini. Mmea huo kwa asili yake hubeba kemikali zinazodhuru ini zisipoondolewa kikamilifu. Mmea ulifanya kazi, na ulidhuru. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Hatari nyingine ziko karibu nasi zaidi. Chavua ya nyuki na maziwa ya nyuki, yanayouzwa kama viongeza kinga, yamewahi kuleta mshtuko wa mzio, hasa kwa wenye pumu. Vidonge vizito vya kitunguu saumu huongeza uwezekano wa kutokwa damu, jambo ambalo daktari wa upasuaji wa pua anapaswa kulijua kabla ya kushika kisu. Vidonge vya manjano, ambavyo ni tofauti kabisa na manjano ya mchuzini, vimehusishwa na madhara ya ini. Hata sharubati ya machungwa ina la kwake: hupunguza kunyonywa kwa feksofenadini, hivyo dawa hiyo imezwe kwa maji matupu.

Liko pia la udanganyifu. Katika nchi mbalimbali maabara zimekuta steroidi zimefichwa ndani ya bidhaa zilizouzwa kama mitishamba safi. Dawa "ya asili" inayokausha mafua sugu ndani ya siku mbili, kisha ikaongeza hamu ya kula, ikavimbisha uso na kupandisha sukari, inastahili kushukiwa. Mhudumu anayekutana nayo aitolee taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mgonjwa naye asinunue mkebe usio na usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya vilivyomo, hata kama umeletwa na jirani mwaminifu.

Kilicho chini ya chungu

Tunabishana sana juu ya kilicho ndani ya chungu na kusahau kilicho chini yake. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha huchubua njia ya hewa na kuikoleza dalili za mzio na pumu. Anayepika humo kila siku, na mtoto anayebebwa mgongoni mwake, hawatafidiwa na kijiko cha mafuta yoyote. Gesi au umeme vikipatikana, ni bora. Visipopatikana, kupikia nje, kukausha kuni vizuri na kumweka mtoto mbali na moshi ni hatua za tiba kwa maana kamili ya neno hilo.

Udi, ubani na dawa za mbu za kufukiza nazo ni moshi. Najua uzito wa udi katika nyumba za pwani. Siombi uachwe katika sherehe na ibada. Naomba usifukizwe katika chumba anacholala mtu mwenye pumu, na madirisha yafunguliwe. Na kujifukiza kwa nyungu, ambako wengi walikushika sana mwaka 2020, kunaweza kuzibua pua kwa muda mfupi, lakini kunaunguza. Mtoto asifunikwe kabisa juu ya sufuria ya maji yanayochemka.

Tiba ya asili ninayoipendekeza kwa moyo mmoja

Mgonjwa anayetaka kitu cha asili, cha bei ndogo na chenye ushahidi, namfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 na mtandao wa Cochrane yalionyesha kwamba kuosha pua hivyo kunaweza kupunguza dalili za mzio kwa watu wazima na watoto, ingawa tafiti zenyewe zilikuwa ndogo. Kazi yake inaeleweka: maji huondoa chavua, vumbi na kemikali za uvimbe zilizokwisha kumwagika.

Chemsha maji kwa dakika 3 hadi 5, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Katika nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, na kwa bomba la sindano lisilo na sindano au chupa safi ya kubonyeza, pitisha maji polepole katika tundu la juu yatokee la pili, huku ukipumua kwa mdomo. Rudia upande wa pili. Fanya mara moja au mbili kwa siku katika msimu wa mateso, na uanze kwa maji kabla ya kupuliza dawa. Wanaotia udhu wanaujua mwendo huu wa maji puani, na mara nyingi hujifunza haraka. Sharti lisilopuuzwa ni kuchemsha. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa yanaweza, kwa nadra, kubeba amiba anayepanda kutoka puani hadi kwenye ubongo, na ugonjwa huo huua karibu kila anayempata.

Gharama ya kuchelewa

Madhara makubwa ninayoyaona hayatoki kwenye asali. Yanatokana na miezi inayopita mgonjwa akiisubiri asali ifanye kazi ambayo haiwezi. Mtoto mwenye pua iliyoziba hulala mdomo wazi, huamka amechoka, husinzia darasani na huitwa mvivu. Wengi wa wenye pumu wana pia mafua ya mzio, na pua isiyotibiwa huivuruga pumu. Mafua haya hufikiriwa kuwa jambo dogo kwa sababu hayaui moja kwa moja, lakini huiba usingizi, masomo na siku za kazi.

Tiba zipo. Setirizini na loratadini hutuliza chafya na muwasho bila kuleta usingizi mzito wa klorofeniramini, ambayo ndiyo piritoni ya wengi. Dereva na mwanafunzi wanapaswa kuijua tofauti hiyo. Kwa mwenye dalili nzito au za kudumu, dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kama beklometazoni au flutikazoni, ndiyo yenye nguvu zaidi. Haileti nafuu papo hapo. Huhitaji siku kadhaa, hata wiki mbili, na wengi huiacha kabla haijafika. Mgonjwa afundishwe kuielekeza upande wa nje wa tundu la pua, mbali na ukuta wa katikati, ili kuepuka kutokwa damu. Anayeujua msimu wake aanze wiki moja au mbili kabla. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5, la sivyo pua huziba zaidi yanapoachwa.

Na nisiwe mwepesi wa kuilaumu mitishamba nikaisahau hospitali. Bado kuna mahali ambapo mafua ya mzio hutibiwa kwa amoksilini, ambayo haina la kufanya hapo, au kwa sindano ya steroidi inayokaa mwilini kwa wiki nyingi, ambayo hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kulaza tezi za adrenali. Hatuwezi kumkemea mgonjwa kwa kijiko cha habatusoda huku tukimdunga hiyo.

Swali moja zaidi

Wapo wenzangu wanaosema kwamba kuuliza kuhusu tiba asili ni kuzihalalisha. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Mmea uitwao *Ammi visnaga* ulitumika tangu zamani Misri na nchi jirani kutuliza misuli iliyokaza. Katika miaka ya 1960 daktari Roger Altounyan, aliyekuwa na pumu mwenyewe, alifanya kazi na wenzake nchini Uingereza juu ya kemikali zilizotokana na mmea huo, akijijaribu mwenyewe, hadi ikapatikana kromoglikati. Dawa hiyo hutumika mpaka leo katika matone ya macho na pua kwa wenye mzio. Mmea haukudharauliwa, wala haukuabudiwa: ulipimwa. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na ina wanasayansi wa mimea. Njia ya kupima ipo wazi.

Kwa sasa namwomba kila mhudumu aongeze swali moja katika mahojiano yake: "Na nyumbani, mbali na dawa za hospitali, unatumia nini kingine?" Aliulize kwa sauti ileile anayoulizia umri. Aandike jibu kwenye jalada: jina, kiasi, tangu lini. Amwombe mgonjwa alete mkebe. Amwulize zaidi mjamzito, mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuyeyusha damu na anayesubiri upasuaji. Dakika mbili zinatosha.

Nawe msomaji mwenye mzio, kula mboga na matunda ya soko lako, osha pua yako kwa maji yaliyochemshwa, fua foronya, fungua dirisha la jiko. Ukipenda asali yako, ile kwa kiasi na utuambie. Usiache dawa za pumu kwa ahadi ya mtu yeyote. Njoo hospitali haraka ukisikia filimbi kifuani, ukikosa pumzi, au ukivimba midomo na ulimi. Njoo pia ikiwa pua huziba upande mmoja tu, inatoa damu au harufu mbaya, kwa kuwa huo huenda si mzio kabisa, na hapo kila wiki ya kusubiri ina thamani yake.